Vikombe vya Shingo ya Baisikeli ya Zamani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Baisikeli nyepesi ya mwendo iliyotengenezwa zamani kwa mabomba ya chuma ni mali isiyofaa kudharauliwa. Chuma chema hakizeeki upesi. Fremu iliyotengenezwa miaka hamsini iliyopita, ikiwa haikupata ajali wala haikuliwa na kutu, yaweza kumbeba mjukuu wa yule aliyeinunua mara ya kwanza. Lakini sehemu zinazozunguka katika fremu hiyo huchakaa, na kila moja ina siku yake ya kubadilishwa. Mojawapo ya sehemu hizo, tena iliyo ngumu kuliko nyingi kuipatia mwenziwe, ni vikombe vya shingo, ambavyo madukani huitwa hedseti.

Katika somo hili twataka kueleza jinsi ya kuvitambua vikombe vinavyoifaa fremu ya zamani. Jambo lenyewe ni moja, nalo twalitaja tangu mwanzo ili msomaji alishike: fremu na uma wa mbele vimekwisha kuchagua vikombe vyake siku vilipotengenezwa. Kazi yetu ni kuusoma uchaguzi huo kwa kupima. Atakayechagua kwa macho, au kwa jina lililoandikwa kwenye bomba, ataharibu fedha yake, na pengine ataharibu uma usiopatikana tena.

Tena jambo hili si la fedha tu. Mnyororo ukikatika, mtu hushuka akatembea. Lakini shingo ikilegea au usukani ukikwama katika mteremko, mpandaji hana nafasi ya kushuka.

KAZI YA VIKOMBE

Tuitazame kwanza shingo ya baisikeli. Mbele ya fremu kuna bomba fupi lililosimama, nalo ndilo shingo. Uma wa mbele unashika gurudumu, na juu ya uma kuna bomba jembamba lipitalo ndani ya shingo hata kutokea juu. Bomba hilo tutaliita mhimili. Ndani ya mhimili huingia shina la usukani. Basi mtu anapogeuza usukani, mhimili huzunguka ndani ya shingo, na gurudumu hufuata.

Ili mhimili uzunguke bila kusuguana na fremu, huwekwa vikombe na gololi. Vikombe viwili hushindiliwa ndani ya shingo, kimoja juu na kimoja chini. Pete moja hushindiliwa chini ya mhimili, pale unapokutana na mabega ya uma. Nayo ndiyo inayokalia gololi za chini. Juu kabisa huja kikombe chenye nyuzi za hesi ndani yake, ambacho huzungushwa juu ya mhimili kama nati. Hicho ndicho cha kulegezea na kukazia. Juu yake huwekwa washa, na juu ya washa huja nati ya kufungia.

Kwa hiyo katika seti moja zimo sehemu zinazoshindiliwa, na zimo sehemu zinazozungushwa kwa nyuzi. Kila aina yataka kipimo chake, na kuridhika na kimoja hakusaidii kitu ikiwa kingine kimekosewa.

JE, VIKOMBE NI VIBOVU KWELI?

Kabla ya kununua, yafaa kuhakikisha kwamba vya zamani vimekwisha kweli. Nyanyua gurudumu la mbele juu, kisha geuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukipita katikati na kuhisi kwamba wanasa kidogo, kana kwamba umeingia katika shimo dogo, basi gololi zimechimba vishimo katika pete ya chini au katika kikombe chake. Vishimo hivyo hutokea pale gurudumu linapoelekea mbele sawasawa, kwa sababu hapo ndipo lilipo wakati mwingi wa safari.

Zamani watu wengi waliamini kwamba vishimo hivyo huletwa na mapigo ya mawe na mashimo ya barabara, kana kwamba gololi ni nyundo. Siku hizi yafahamika kwamba sababu kubwa ni nyingine. Gololi zinapotikisika kidogo mno mahali pamoja bila kuzunguka, grisi husukumwa kando, chuma hugusana na chuma, na kidogo kidogo huliwa. Kwa hiyo mwenye baisikeli anayesafisha shingo na kutia grisi mpya kwa wakati wake huvizidishia vikombe umri.

Ikiwa vishimo ni vidogo, iko njia ya kuahirisha gharama. Gololi nyingi huja zimeshikwa katika pete ya bati. Itoe pete hiyo, uweke gololi za kipimo kile kile zikiwa huru. Kwa kuwa hakuna bati la kuzitenga, zitaingia nyingi zaidi, nazo hazitakaa tena zote pamoja katika vishimo vya zamani. Jaza duara, kisha punguza moja ili zipate nafasi ya kuzunguka. Lakini angalia kipimo: gololi za shingo katika baisikeli nyingi za mwendo ni za inchi 5/32, yaani karibu milimeta 4, katika nyingine ni za inchi 3/16, yaani karibu milimeta 4.8. Usizichanganye kamwe, wala usichanganye mpya na zilizochakaa.

Ikiwa vishimo ni virefu, au kikombe kimepasuka, au pete imelegea mahali pake, hapo hakuna budi kutafuta vingine.

KWA NINI VIPIMO NI VINGI

Mtu aweza kuuliza: ikiwa baisikeli zote zafanana, mbona vikombe vyake havifanani? Jibu limo katika historia ya viwanda. Waingereza walipima kwa inchi. Wafaransa walipima kwa milimeta. Waitaliano, ingawa nchi yao yapima kwa meta, walitengeneza mhimili wa inchi moja kwa nyuzi zilizo karibu sawa na za Kiingereza. Wajapani waliweka kanuni yao wenyewe, iliyochukua nyuzi za Kiingereza lakini ikabadili vipimo vya sehemu zinazoshindiliwa. Baadaye ilitokea kanuni ya kimataifa, iitwayo ISO, nayo ndiyo inayofuatwa na vikombe vingi vya nyuzi vinavyouzwa kwa baisikeli za mwendo.

Tangu miaka ya 1990 viwanda vilianza kuacha nyuzi kabisa. Mhimili wa baisikeli mpya za mwendo hauna hesi, nao mara nyingi ni mnene kuliko ule wa inchi moja. Kwa hiyo vikombe vya baisikeli mpya haviwezi kutiwa tu katika fremu ya zamani.

Vipimo vikuu ambavyo mwenye fremu ya zamani aweza kukutana navyo ni hivi:

Kanuni ya kimataifa: mhimili milimeta 25.4, yaani inchi moja. Nyuzi 24 kwa inchi. Vikombe vinavyoshindiliwa milimeta 30.2, pete ya chini milimeta 26.4.

Kanuni ya Japani: mhimili milimeta 25.4, nyuzi 24 kwa inchi, vikombe milimeta 30.0, pete ya chini milimeta 27.0.

Kanuni ya zamani ya Ufaransa: mhimili milimeta 25.0, kila uzi wachukua milimeta 1, vikombe milimeta 30.2, pete ya chini kwa kawaida milimeta 26.5, ingawa ziko za 27.0.

Raleigh ya Nottingham: mhimili milimeta 25.4, nyuzi 26 kwa inchi, vikombe milimeta 30.2, pete ya chini milimeta 26.4.

Msomaji ataona kwamba tofauti ni ndogo sana. Baina ya 30.0 na 30.2 ni unene wa karatasi mbili tu. Lakini kikombe cha 30.0 kikitiwa katika shingo iliyochongwa kwa ajili ya 30.2 kitacheza, na kikianza kucheza kitaila fremu yenyewe. Na kikombe cha 30.2 kikilazimishwa katika shingo ya Kijapani, chaweza kuipanua shingo au kuipasua.

VIPIMO VITANO VYA LAZIMA

Chombo kinachotakiwa ni kalipa, yaani rula yenye meno mawili ya kubana kitu na kusoma unene wake hata sehemu ya kumi ya milimeta. Ile ya bei ndogo yatosha, mradi meno yake yakikutana isome sifuri.

Fungua shingo, utoe uma, usafishe grisi yote ya zamani kwa mafuta ya taa na kitambaa. Kisha andika vipimo vitano hivi katika karatasi, wala usivitie kichwani.

Kwanza, unene wa mhimili. Bana mahali penye nyuzi. Kwa kuwa ncha za nyuzi huchakaa, kalipa itasoma pungufu kidogo. Ukiona 25.2 au 25.3, huo ni mhimili wa inchi moja. Ukiona 24.8 au 24.9, karibu hakika ni wa Kifaransa.

Pili, idadi ya nyuzi. Hiki ndicho kipimo kinachowadanganya wengi, nasi tutakieleza peke yake hapa chini.

Tatu, upana wa vikombe mahali vinaposhindiliwa. Pima kile kikombe cha zamani upande unaoingia ndani ya shingo, kisha pima na tundu la shingo lenyewe. Tundu huwa dogo kuliko kikombe kwa sehemu moja au mbili za kumi za milimeta, ili kikombe kishike. Usipime kikombe peke yake, maana huenda mwenye baisikeli wa zamani alitia kisichostahili.

Nne, kiti cha pete ya chini. Pima unene wa uma pale pete inapokaa. Kiti cha kimataifa kina milimeta 26.5 kwa pete ya 26.4. Kiti cha Kijapani kina 27.1 kwa pete ya 27.0.

Tano, nafasi ya kimo. Pima urefu wa mhimili tangu kiti cha pete hata ncha ya juu. Pima na urefu wa shingo ya fremu peke yake, bila vikombe. Toa shingo katika mhimili, na kinachobaki ndicho nafasi iliyoachwa kwa vikombe, washa na nati.

Mfano: mhimili una milimeta 165, na shingo ina milimeta 127. Nafasi ni milimeta 38. Watengenezaji wengi hutaja kimo cha vikombe vyao. Vikombe vyenye kimo cha 39 vyafaa, kwa sababu ukingo wa nati ya juu hupita juu ya ncha ya mhimili. Vyenye kimo cha 35 vyafaa pia, lakini yatakiwa kuongeza washa hata ncha ya mhimili ibaki chini kidogo ya ukingo wa nati. La sivyo nati itagota juu ya mhimili, na mtu atadhani amekaza kumbe hakukaza. Vyenye kimo cha 43 havifai hata kidogo. Nati itakamata uzi mmoja au miwili tu ya juu, na nati iliyokamata nyuzi mbili haikushika kitu.

HILA YA NYUZI 24 NA 26

Sasa twafika kwenye jambo lililoharibu uma nyingi nzuri.

Katika nyuzi 24 kwa inchi, kila uzi wachukua milimeta 1.06. Katika nyuzi 26, kila uzi wachukua milimeta 0.98. Tofauti ya uzi mmoja haizidi sehemu nane za mia za milimeta. Hakuna jicho liwezalo kuiona. Kwa hiyo nati ya nyuzi 24 ikiwekwa juu ya mhimili wa nyuzi 26 huanza vizuri. Mzunguko wa kwanza huenda kwa vidole. Wa pili huanza kuwa mzito. Hapo mtu husema, "Ni kutu," akatia mafuta. Kisha husema, "Ni mpya, haijazoea," akachukua spana ndefu. Chuma cha nati na chuma cha mhimili hupigana, nyuzi hukatika, na uma uliokuwa mzima asubuhi huwa haufai jioni.

Basi hii iwe sheria: nati ya shingo huenda kwa vidole mwanzo hata mwisho. Nyuzi zikiwa safi na nati ikakataa vidole, hiyo si nati yake. Spana ni ya kufungia mwisho, si ya kulazimisha njia.

Kuna njia rahisi za kuhesabu. Chukua ukanda wa karatasi nyeupe, upake nyuzi za mhimili masizi kidogo, kisha ubonyeze karatasi juu yake. Nyuzi zitaacha mistari. Pima nusu inchi kwa rula, uhesabu: ukipata nafasi 12, ni nyuzi 24 kwa inchi, ukipata 13, ni nyuzi 26. Rudia mara tatu, maana katika nusu inchi kosa la mstari mmoja ndilo kosa lote.

Njia ya pili ni kulaza hesi juu ya hesi. Nyuzi za aina moja zikilazwa pamoja na kuelekezwa kwenye mwanga, huingiana kama meno ya vitana viwili, wala mwanga haupiti katikati. Kikombe cha miguuni cha kanuni ya Kiingereza, yaani kile kishikacho ekseli ya pedeli, kina nyuzi 24. Ekseli ya habu ya Sturmey-Archer ina nyuzi 26. Fundi akiweka vipande viwili vya namna hiyo katika sanduku lake, ana mizani ya kutosha bila kununua chombo kingine.

Nyuzi za Kifaransa nazo zina hila yake. Uzi wa milimeta 1 ni karibu sawa na ule wa 26 kwa inchi, kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Sharti utazame na unene. Tena nati ya inchi moja huingia juu ya mhimili wa Kifaransa wa milimeta 25 kwa urahisi mno, kwa kuwa ni pana kuliko mhimili. Urahisi huo ndio mtego. Nati imeshika ncha za nyuzi tu, nayo itakapokazwa itaruka. Kwa hiyo nati ikatae kulegea kama inavyokatazwa kulazimishwa: isiwe nzito, wala isitikisike upande kwa upande.

JINA HALITOSHI: MFANO WA RALEIGH

Jina la Raleigh lajulikana sana Afrika ya Mashariki, kwa sababu ya baisikeli zake nzito zilizoletwa kutoka Nottingham, Uingereza, kwa miaka mingi. Kiwanda hicho kilitumia nyuzi 26 kwa inchi katika shingo, wala si katika baisikeli nzito tu, bali hata katika baadhi ya baisikeli nyepesi za mwendo zilizotoka Nottingham. Mtu akiona baisikeli hiyo ina usukani uliopinda chini na magurudumu membamba, hudhani ina vipimo vya baisikeli nyingine za mwendo. Hununua vikombe vya kawaida vya nyuzi 24, na balaa tuliyoieleza hufuata.

Lakini asiyejua zaidi aweza kukosea upande wa pili, akasema kwamba kila Raleigh ina nyuzi 26. Hilo nalo si kweli. Kampuni hiyo ilikuwa na karakana nyingine. Baisikeli nyepesi zilizotengenezwa Worksop, katika karakana ya Carlton, mara nyingi zilikuwa na nyuzi 24. Na mwaka 1980 Joop Zoetemelk wa Uholanzi aliposhinda mashindano ya Tour de France, alikuwa katika timu ya TI-Raleigh, iliyotengenezewa fremu katika karakana maalumu ya Ilkeston. Fremu hizo za mbio nazo zilifuata nyuzi 24. Basi jina ni moja juu ya bomba, na nyuzi ni za namna mbili ndani ya shingo. Kiwanda kilitoa fremu jina, lakini kalipa ndiyo itakayokuambia ukoo wake.

Hali ni hiyo hiyo kwa Wafaransa. Fremu za Peugeot na Motobécane za miaka ya 1970 kwa kawaida zina nyuzi za Kifaransa. Za baadaye huenda zikawa za kimataifa. Mwaka wa fremu hukupa dhana, na kipimo hukupa hakika.

VISIPOPATIKANA, TUFANYEJE?

Tuseme umepima ukaona kwamba mhimili una nyuzi 26, na duka lina vikombe vya nyuzi 24 tu. Usikate tamaa, wala usikate nyuzi mpya juu ya zile za zamani. Nyuzi za namna mbili zikivukana huacha chuma kidogo mno cha kushikilia.

Shauri la kwanza ni kuvihifadhi vile vya juu. Sehemu za chini ndizo zinazobeba mzigo, nazo ndizo huchakaa kwanza. Kikombe chenye nyuzi na nati yake mara nyingi hubaki vizima. Kwa hiyo yawezekana kununua seti ya kimataifa, ukatumia pete yake ya chini na vikombe vyake vinavyoshindiliwa, kisha ukarudisha juu kikombe na nati za zamani zenye nyuzi 26. Sharti lake ni moja: gololi za juu ziwe za kipimo kinachokubaliana na vikombe vyote viwili, nazo zizunguke bila kukwaruza.

Shauri la pili ni kutafuta vilivyotumika. Fremu iliyopinda katika ajali huenda ina shingo nzima. Fundi mwenye busara havitupi vikombe vya namna hiyo, bali huvifunga pamoja kwa waya na kuandika vipimo vyake.

Shauri la tatu ni kubadili uma wote. Uma mpya wenye nyuzi 24 humwondolea mtu taabu ya nyuzi, lakini huleta vipimo vingine vya kutazama: urefu wa mhimili, ukubwa wa gurudumu, mahali pa breki, na tundu la shina la usukani. Shina la kawaida lina milimeta 22.2, na la Kifaransa lina 22.0. Lile la kawaida halitaingia katika mhimili wa Kifaransa, na la Kifaransa litalegea katika mhimili wa kawaida.

Kuhusu fremu za Kijapani, vikombe vya kanuni yake vingali vikitengenezwa, na kuviagiza ni bora kuliko kuchonga. Yuko fundi wa fremu awezaye kupunguza kiti cha 27.1 kiwe 26.5 na kupanua shingo kwa chombo maalumu, ili vikombe vya kimataifa vikubali. Lakini kumbuka kwamba chuma hupunguzwa, hakiongezwi. Aliyekwisha kuchonga hana njia ya kurudi.

KUVITIA MAHALI PAKE

Vikombe visipigwe kwa nyundo. Nyundo hukiingiza kikombe upande mmoja kwanza, nacho huikwaruza shingo ndani. Chukua fito ndefu ya hesi, washa nene mbili pana na nati mbili. Pitisha fito ndani ya shingo, weka kikombe mahali pake, kisha kaza nati polepole huku ukitazama kwamba kikombe chaingia sawasawa pande zote. Kaza hata ukingo wa kikombe uguse shingo bila nafasi. Pete ya chini hushushwa kwa bomba lililo pana kidogo kuliko mhimili, lenye mdomo uliokatwa sawa, ligusalo pete kwa ndani, si pale gololi zinapopita.

Tia grisi nyingi katika vikombe, panga gololi, rudisha uma, zungusha kikombe cha juu kwa vidole hata kiguse gololi, weka washa, kisha nati. Mwisho shika kikombe kwa spana moja na kukaza nati kwa spana ya pili, ili kimoja kisichukue kingine.

Sasa jaribu mambo mawili. Shika breki ya mbele na kusukuma baisikeli mbele na nyuma: ikigonga, imelegea. Nyanyua gurudumu na kugeuza usukani: ukiwa mzito au ukikwama, imekazwa kupita kiasi. Ikipita majaribio yote mawili, endesha polepole mahali pa tambarare, kisha jaribu tena, maana vikombe vipya hukaa mahali pake baada ya safari ya kwanza.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Mhimili una milimeta 172, na shingo ya fremu ina milimeta 135. Je, vikombe vyenye kimo cha milimeta 42 vyafaa? Eleza sababu.

2. Karatasi ya masizi yaonyesha nafasi 13 katika nusu inchi, na kalipa yasoma 25.3. Mhimili huu ni wa kanuni gani?

3. Kwa nini nati inayoingia kwa urahisi mno ni ya hatari kama ile inayoingia kwa nguvu?

Majibu: La kwanza, havifai, nafasi ni milimeta 37, na vikombe vimezidi kwa milimeta 5, hata nati haitapata nyuzi za kutosha. La pili, ni mhimili wa inchi moja wenye nyuzi 26, kama wa Raleigh ya Nottingham. La tatu, kwa sababu huenda imeshika ncha za nyuzi tu, nayo itaruka itakapokazwa au baisikeli itakapopata mshindo njiani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika kazi hii wa kuulizwa kwanza ni fremu yenyewe, nayo hujibu kwa kalipa na rula. Mwenye vipimo vitano katika karatasi yake aweza kuagiza vikombe kutoka mji wa mbali, akajua kabla ya kutoa fedha kwamba vitaingia mahali pake.